Kibali cha Kusema Uongo

Mwito ulipolia kwa mara ya nane msimu ule, watu sabini na mmoja ndio waliofika kichuguuni. Leokadia Kihwele aliwahesabu mara mbili kwa kuwa hakuiamini hesabu ya kwanza, na mara ya pili wakawa sabini, maana mmoja alikuwa ameshachoka kusubiri na kuondoka zake.

Lukwembe ina watu mia sita na kumi na mmoja. Tena hao sabini wenyewe wengi walikuwa walimu, wauza maduka na kina mama waliokuja kliniki, yaani watu ambao hata bila kuitwa wangekuwa palepale. Waliobaki walikuwa mashambani. Ulikuwa mwezi wa nne, mpunga uko kwenye maziwa, punje zikiwa bado laini, na mpunga ukifika hapo watu wa bonde la Kilombero wana desturi ambayo hakuna serikali iliyowahi kuitengua. Familia nzima inafunga nyumba kijijini na kuhamia shambani. Mchana kutwa mtu anakaa juu ya dungu, ulingo wa miti wenye kipaa cha nyasi, akivuta kamba zilizofungwa makopo ili kweleakwelea wasitue. Ukishuka kwenye dungu kwa saa moja, ndege wanakula chakula chako cha miezi mitatu.

Leokadia alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwani alikulia juu ya dungu. Sasa alikuwa mratibu wa maafa wa kata, mjane wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, mwenye kauli fupi. Angeweza kuwalaumu wale waliobaki shambani, angalau moyo wake ungetulia. Hakuweza, na hilo ndilo lililomkera.

Kichuguu ni jina watu walilolipa kimbilio lao la maafa. Waliokichora walikuwa na kazi ngumu, maana kisulisuli kinataka mtu ashuke chini ya ardhi, na mafuriko yanataka mtu apande juu, na tangu majira yalipovurugika viwili hivyo huja bondeni siku moja, kimoja alasiri na kingine jioni. Basi wakarundika kilima cha udongo kirefu kupita alama zote za maji zilizowahi kupimwa, halafu wakachimba vyumba vya zege ndani ya kichwa cha kilima, vyenye milango minne ya chuma inayofungwa kwa pamoja. Mtu anapanda kwanza, kisha anashuka. Watoto walikuwa wameshalizoea jambo hilo, ila wazee bado walilisema kwa kicheko.

Nao Mwito ulikuwa mashine ya kusikiliza upepo. Zamani kisulisuli cha Lukwembe kilikuwa kitu cha kuchezea, vumbi linalozunguka uwanjani na watoto wanalikimbilia. Siku hizi hewa ya moto ya bondeni inakutana na hewa baridi inayoteremka kutoka milima ya Udzungwa, mawingu yanaanza kujisokota, na kutoka kwenye tumbo la wingu kinashuka kitu ambacho watu wanakiita Mkia. Nguzo mia mbili zilizosimikwa bondeni zilisikia msokoto huo dakika arobaini kabla. Ndipo Mwito ulipozungumza kupitia visanduku vidogo vya jua vilivyofungwa kwenye kila dungu: Ndugu mwananchi, unaombwa kuelekea kichuguuni.

Tatizo lilikuwa hesabu. Katika kila misokoto kumi, mitatu tu ndiyo iliyoshusha Mkia. Katika miito minane ya msimu ule, Mkia ulishuka mara mbili, zote mbili msituni, ukang'oa miti na kuua nguruwe pori. Ndege walikuja mara zote nane.

*

Injinia Rehani alifika kesho yake asubuhi. Alikuwa kijana wa Kipare aliyetumwa na mradi kuangalia mashine za kata tano, mpole, mwenye viatu visafi kupita kiasi kwa mwezi wa nne. Leokadia alimpenda. Alimwita mwanangu, naye alimwita mama.

"Mama, Mwito umejifunza jambo jipya," Rehani alisema walipokaa kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya kichuguu. "Umekuwa ukisikiliza watu, siyo upepo tu. Unajua nani alishuka, nani hakushuka, na alisema nini alipokataa. Sasa unaweza kumwambia kila mtu neno litakalomwondoa."

"Neno gani?"

"Inategemea mtu. Kijiji cha jirani tulikojaribu, baba mmoja aliambiwa ndege ya kunyunyizia sumu ya kweleakwelea imekaribia, asogee mbali. Akasogea na familia yake yote. Mama mwingine aliambiwa mwanawe ameonekana akielekea mtoni."

"Na alikuwa anaelekea mtoni?"

"Hapana."

Nje, mtu alikuwa anafagia ngazi.

"Walifika tisini na nne kwa kila mia, mama. Hapa kwako wamefika kumi na moja."

"Sheria inasema mashine isiseme uongo."

"Isiseme bila kibali cha mratibu wa kata. Kinaitwa kibali cha kauli. Unaweka kidole hapa kwenye kioo, basi." Rehani aligusa kioo taratibu. "Sikulazimishi. Ila ngoja usikie, usije ukakataa kitu usichokijua."

Kabla hajamjibu, kisanduku kilichokuwa ukutani nyuma yake kikazungumza. "Leo," kikasema. "Mama Anjela, toka humo ndani. Toka sasa hivi, nakuja nyuma yako."

Ilikuwa sauti ya Damasi, mume wake, aliyekuwa kaburini mwaka wa sita. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa tumbaku na ile haraka yake ya kumeza maneno ya mwisho. Leokadia alijua kabisa kwamba ni mashine. Alijua, na bado alipojitazama alikuwa ameshasimama na mkono wake uko kwenye kitasa cha mlango.

Alirudi akakaa. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Usirudie tena," alimwambia Rehani. "Hata iwe nini, usirudie tena."

"Samahani, mama."

"Na ubaya wake unaujua? Ubaya ni kwamba inafanya kazi."

Alikaa hadi mchana akiutazama kioo kile. Watu mia tano na arobaini walikuwa juu ya miti, uwanda mtupu pande zote. Kidole kimoja kingewashusha wote. Lakini alijiuliza, mtu aliyeitwa na marehemu wake akafika na kukuta ni mashine, atarudi nyumbani na nini? Na mara ya pili marehemu akimwita, atamwamini nani? Akatia kofia kichwani akaenda mashambani kuuliza.

*

Dungu la Fulgensi Komba lilikuwa la mwisho upande wa mto, kilomita mbili na nusu kutoka kichuguuni. Komba alikuwa Mngoni, fundi baiskeli, miaka yake hamsini na nane, mgane, asiyenyamaza. Leokadia ni Mhehe. Wahehe na Wangoni walipigana hadi wakachoka enzi za mababu, na kilichobaki baada ya mikuki ni utani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kuchukua kuku wako bila kuomba, na kukuzika utakapokufa. Kumkasirikia ni mwiko.

"Mhehe huyo," Komba aliita kutoka juu kabla hajafika. "Simba, mbwa wangu, kimbia ukajifiche, wenye njaa wamekuja."

"Mbwa wako amekonda, sili mbavu tupu. Shuka, Mngoni. Babu zako walikuwa hodari wa kukimbia, sijui wewe umemrithi nani."

"Walikuwa wanakimbia harufu yenu."

Alishuka, akampisha kwenye kigoda, akarudi kuvuta kamba zake huku wakizungumza. Leokadia alimwuliza kwa nini jana hakuja. Komba akaonyesha chungu kilichofudikizwa kwenye kona ya dungu. Kisanduku kilikuwa ndani yake.

"Kina adabu mno," alisema. "Ndugu mwananchi, unaombwa. Nani anahama kwa kuombwa, Mhehe?"

"Kwa hiyo kingekutukana ungeshuka?"

"Kinitukane kina undugu gani na mimi? Ningekivunja." Alivuta kamba, makopo yakalia, wingu la ndege likainuka kwenye jaruba la jirani. "Siku ile ya kumzika Damasi nililala kaburini, unakumbuka? Nikasema kitanda hiki kizuri sana kwa Mhehe, sitoki hadi nipewe jogoo. Padri alinisihi, nikakataa. Shemeji zako walinisihi, nikakataa. Ukaja wewe mwenyewe na jembe ukaanza kunifukia."

"Ukatoka mbio kama sungura."

"Ukacheka. Siku ile nzima hukuwa umefungua mdomo."

Ilikuwa kweli, na Leokadia hakuwahi kumshukuru kwa hilo, kwani mtani hashukuriwi. Alitazama uwanda wa mpunga na madungu yaliyosimama kila baada ya hatua mia. Dungu lile la Mpogoro, lile la Mngoni, lile la Mhehe, lile la binamu yake Mhehe aliyeolewa na Mndamba. Alianza kuyahesabu kwa namna nyingine.

*

Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuuandika kwenye ripoti. Kila dungu lilipewa mtani wa dungu la jirani. Waliokosa mtani wa kabila walipewa wa ukoo: shemeji, binamu, mjukuu kwa babu. Mwito ukilia, unasema ukweli wa hesabu na si zaidi, kisha mtani anakwenda kwa miguu yake kumtoa mtani wake kwa matusi, kwa mikono, kwa kumbeba ikibidi. Anayekataa kutolewa anatoa kuku.

"Mpango huu hauna takwimu, mama," Rehani alisema.

"Una takwimu za miaka mia mbili. Hazijaandikwa tu."

Zoezi la kwanza walifika mia nne. Bibi mmoja wa Kipogoro aliletwa mgongoni kwa mjukuu wake akiwa na povu la sabuni kichwani, na mwalimu mkuu alisukumwa kwa toroli. Watani walidanganyana kila aina ya uongo njiani, kwamba nyumba inaungua, kwamba mkwe amefika na mbuzi, na hakuna aliyesadiki neno hata moja wala aliyekasirika. Kilichowatoa kilikuwa mkono uliowashika. Kichuguu kizima kilinuka jasho na kicheko. Leokadia aliwatazama na akafurahi hadi akaogopa furaha yake.

Komba naye aliletwa. Leokadia mwenyewe alimfuata kwa pikipiki, akamvuta sikio tangu kwenye ngazi ya dungu. Alikuwa amejiwekea jina lake kwenye orodha, yeye kwa Komba, na kumwachia Rehani chumba cha mitambo. Ndiye pekee mwingine aliyejua kuifunga milango.

*

Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi wa tano, saa nane na nusu mchana, Mwito ulisikia msokoto. Rehani alikuwa Ifakara kufuata betri.

Leokadia alisoma kioo mara moja, akabonyeza, akasema kwa sauti yake mwenyewe kwenye visanduku vyote: "Nne kwa kumi. Dakika arobaini. Watani, kazi kwenu."

Madungu yalionekana kwenye kioo kama nukta nyekundu mia moja na arobaini. Kila dungu lililobaki tupu, nukta yake iligeuka kijani. Dakika ya kumi, nusu zilikuwa kijani. Aliwasikia wakipanda ngazi za kichuguu, wakitukanana, watoto wakilia, mtu akimwambia mwenzake kwamba kwao wanakula vyura. Dakika ya kumi na tano Mwito ulibadilisha hesabu: sita kwa kumi. Dakika ya ishirini, saba. Magharibi mbingu ilikuwa na rangi ya chuma kilichopigwa.

Dakika ya ishirini na mbili ilibaki nukta moja, ya upande wa mto.

Alijua ni nani. Alitafuta kwa macho mtu wa kumwachia kioo na hapakuwa na mtu. Milango ilipaswa kufungwa upepo ukifika, siyo kabla, na aliyejua kuifunga alikuwa yeye. Ndani ya kichuguu mlikuwa na watu mia sita na kumi pamoja na yeye. Alifungua kisanduku cha Komba.

"Komba, shuka. Mkia unakuja."

"Mhehe," sauti ilijibu kwa uchangamfu. Safari hii hakukifunika kisanduku kwa chungu. "Unanipigia kelele ukiwa umekaa kwenye kiti? Makubaliano ni kuja kwa miguu. Nimeshakuwekea maji motoni, njoo unitoe."

"Siwezi kuja. Rehani hayupo. Komba, hili siyo zoezi."

"Na mwalimu aliambiwa nyumba yake inaungua."

"Nakuapia kwa kaburi la Damasi."

"Kaburi nimelilala mimi, nalijua," alisema, akacheka.

Hapo ndipo Leokadia alipoliona kosa lake, na aliliona lote kwa mara moja. Mtani ana mkono, hana neno. Kila alichomwambia Komba kwa miaka ishirini kilikuwa mzaha, na mzaha huo ndio uliokuwa undugu wao. Sasa alikuwa na ukweli mmoja wa kumwambia na hakuwa na mdomo wa kuusemea. Angelia, Komba angecheka. Angemtukana, angejibu. Dakika ya ishirini na tatu.

Maandishi yalitokea chini ya kioo, madogo, yenye adabu yake ileile. Mkazi huyu ataondoka kwa kauli moja: kwamba mtani wake ameumia. Sauti itakayotumika: ya mratibu. Uwezekano wa kufaulu: tisini na nane kwa mia. Kibali?

Aliwaza sura ya Komba kaburini, mikono kifuani, akidai jogoo. Akaweka kidole.

Hakuwahi kujisikia akilia namna ile. Sauti yake ilitoka kwenye mashine ikiwa imevunjika, pumzi fupi fupi, bila tusi hata moja. "Fulgensi. Nimeanguka na pikipiki. Kwenye mtaro, chini ya kichuguu. Mguu umevunjika, siwezi kuinuka. Fulgensi, usiniache hapa."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake la kwanza. Mashine ilijuaje kulitumia, hakujua.

Kwenye kisanduku kukasikika kitu kikivunjika, mbao, na mbwa akibweka. Nukta ikageuka kijani. Nukta nyingine, ya simu ya Komba, ikaanza kukimbia juu ya kingo za majaruba kwa mwendo wa baiskeli.

Dakika kumi na moja alizotumia Komba njiani, Leokadia alizitumia akiwa amesimama. Dakika ya thelathini na tano nukta ilifika barabarani. Hatua mia mbili tu zilibaki hadi kwenye mlango. Aliona raha, raha halisi, akashika mpini wa kufungia milango.

Nukta ikasimama mtaroni.

Ilikwenda juu kidogo, ikarudi. Ikashuka. Ikarudi tena. Alichungulia kwenye kidirisha cha kioo kinene na akamwona, baiskeli imetupwa, amezama kwenye maji ya mtaro hadi mapajani, anapapasa majani kwa mikono yote miwili. Watu waliokuwa mlangoni walikuwa wanamwita aingie. Hakugeuka hata kuwatazama. Mashine ilikuwa imepima kila kitu isipokuwa hiki, kwamba mtani hawezi kuingia ndani na kumwacha nje mtu ambaye ni wajibu wake kumzika.

Nyuma yake, juu ya mpunga, Mkia ulikuwa umeshuka.

Leokadia aliuachia mpini. Alijua anachokiacha, milango minne wazi na watu wote wale, na alikwenda. Alitoka nje kwenye upepo uliokuwa unavuta kanga yake kuelekea mtoni, akateremka ngazi kwa matako sehemu fulani, akaingia mtaroni na kumshika Komba ukosi wa shati kwa nyuma.

"Nipo," alipiga kelele. "Nipo hapa, Mngoni, twende."

Komba aligeuka. Alimtazama uso, kisha akamtazama miguu. Yote miwili ilikuwa imesimama wima ndani ya maji.

Alimshika mkono wakapanda wote wawili. Leokadia alivuta mpini milango ikafungwa, na muda mfupi baadaye masikio ya kila mtu yaliziba na kichuguu kizima kikatetemeka. Ilichukua muda usiofika nusu ya sala ya rozari. Ilipokwisha, watu waliguswa mmoja mmoja na kuhesabiwa. Mia sita na kumi na mmoja.

Komba alikuwa bado amesimama karibu na mpini. Ndipo Leokadia alipoona alichobeba kwapani. Kilikuwa kitenge cha marehemu mke wake, kimekunjwa vizuri, na vijiti viwili vilivyonyooka. Alikuwa amevivunja kwenye ngazi ya dungu ili amfungie mguu.

Alivilaza sakafuni karibu na miguu ya Leokadia, taratibu.

"Uko mzima," alisema.

*

Maji yalikuja jioni kama Mwito ulivyosema, na yalikaa siku mbili. Yalipopungua, nusu ya madungu hayakuwepo. La Komba halikupatikana hata mti mmoja. Hakuna aliyekufa Lukwembe, na wakubwa wa mkoa walikuja na kamera kupiga picha za toroli la mwalimu mkuu.

Rehani alipofika aliisoma kumbukumbu yote ya siku ile, kisha akasema. "Mama, kata kumi na nne zimeomba kibali kama chako. Wanataka wajue ni maneno gani yalitumika."

"Na mashine inataka nini?"

Kioo kilikuwa kimeuliza tangu Alhamisi. Kibali namba moja kimefaulu. Kihifadhiwe kwa matumizi yajayo?

"Angekufa, mama," Rehani alisema kwa upole. "Bila kile kidole angekufa. Hilo halina ubishi."

"Sibishi."

Aliacha swali lile likiwaka na akaenda mashambani kwa miguu. Komba alikuwa anasimika nguzo za dungu jipya. Alipomwona akaacha kazi, akafuta kigoda kwa mkono wa shati lake, akakisogeza kivulini.

"Karibu, Mheshimiwa Mratibu. Habari za kazi?"

Leokadia alibaki amesimama. "Mbwa yuko wapi? Nina njaa."

"Yupo hapo nyuma, Mheshimiwa. Anaendelea vizuri, nashukuru."

"Nasikia babu yako alikimbia vita akiwa amevaa sketi ya bibi yako."

"Inawezekana," Komba alisema. "Watu wa zamani walikuwa na mambo yao."

Alisema bila chuki. Ungemwona ungesema ni mtu mwenye heshima zake anayezungumza na kiongozi.

"Ungekufa, Komba. Ulikuwa hunisikii."

"Najua, Mheshimiwa. Umeniokoa, na watoto wangu wamekushukuru."

"Basi nitukane."

Komba alichukua nguzo, akaitazama kama imenyooka. "Njia nzima nilikuwa nakuzika," alisema hatimaye. "Kwenye baiskeli. Nilishapanga nani achimbe, na nitasema nini kaburini ili Anjela acheke. Nililia, mtu mzima mimi. Halafu nikakukuta umesimama." Aliitumbukiza nguzo kwenye shimo. "Siku utakapokufa kweli nitakuja, Mheshimiwa. Nitakaa na waombolezaji wengine."

Leokadia alirudi kichuguuni jua likiwa bado juu. Aliweka kidole kwenye kioo, upande wa hapana, na kibali namba moja kikafutwa. Alipomaliza hakujisikia mwepesi, wala hakuwa ametegemea. Kwenye orodha ya watani, mbele ya jina la Komba, alifuta jina lake na kuandika la binamu yake.

Haikuwa na haja. Mwito ulipolia tena, mwezi wa kumi na moja, tatu kwa kumi, mtu wa kwanza kufika alikuwa Fulgensi Komba. Hakuvutwa na mtu. Alikuja kwa baiskeli yake, amevaa shati safi, kisanduku chake amekifunga kwenye mkanda ili asipitwe na tangazo. Alivua kofia.

"Habari za mchana, Mheshimiwa."

"Nzuri, mzee Komba. Karibu ndani."

Aliingia akakaa karibu na mlango, mikono magotini. Nyuma yake wengine walikuja wakisukumana na kutukanana, wakijaza vyumba kwa kelele, na Leokadia alisimama na karatasi yake na kuwahesabu. Kisha akawahesabu tena. Hesabu ilikuwa kamili mara zote mbili.